Timu, Kijiji na Kiwanja: Somo la Mapinga

Katika vikao vingi vya matawi, michezo huwekwa mwisho wa ajenda, chini ya "mengineyo". Hilo ni kosa. Tunakusudia kueleza kwamba timu ya kijiji ni shule ya uongozi, na kwamba shule hiyo haizai matunda ikiwa wanafunzi wake hawaingii katika vyombo vya wananchi.

Tuanze na historia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana katika miji ya pwani. Lakini vilevile vilichanga fedha na kusaidiana katika shida na misiba. Klabu za mpira zilirithi desturi hiyo. Young Africans ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Klabu iitwayo Simba tangu 1971 ilifuata mwaka 1936. Humo Mwafrika aliyenyimwa sauti na mkoloni alichagua viongozi wake, akalipa ada na kutii uamuzi wa wengi. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, iliwakuta watu waliokwisha kuzoea kukaa kikaoni. Uzoefu wa umoja hutangulia nguvu ya umoja.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Timu nayo yahitaji hayo hayo: wachezaji, kiwanja, kanuni zinazoheshimiwa, na nahodha anayesikilizwa. Mfungaji amepokea pasi ya kiungo, na kiungo amepokea mpira wa beki. Kwa hiyo bao si mali ya mtu mmoja. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili, maana mashua haikokotwi pwani na mkono mmoja.

Sasa tuitazame Mapinga. Kata hii ya Wilaya ya Bagamoyo iko kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, na mji unapanuka kuielekea. Huko neno "kiwanja" lina maana mbili: kijana husikia mahali pa mpira, dalali husikia mahali pa kujenga nyumba. Nani ataamua maana ipi ishinde? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na hupaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Basi kijana afikaye mazoezini kila jioni, lakini asiyefika mkutanoni hata mara moja kwa mwaka, ameliacha goli lake wazi.

Lazima tujikosoe. Wapo viongozi wanaoleta jezi na mipira uchaguzi unapokaribia, kisha hawaonekani tena. Timu iliyozoea kupewa husahau kujitegemea, na baadaye hushindwa kumhoji aliyeipa. Wapo pia wanaohamishia ushabiki wa Simba na Yanga katika kamati, hata hoja hupimwa kwa kutazama nani kaisema. Aidha, mara nyingi tunaposema "vijana" tunawasahau wasichana, kana kwamba netiboli haihitaji kiwanja.

Kazi zilizo mbele yetu ni hizi:

Kwanza, kila timu iwe na katiba fupi, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama wote.

Pili, wachezaji wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji na kudai kwamba kiwanja kitengwe katika mpango wa matumizi ya ardhi.

Tatu, waingie katika kamati za maji na za shule, vikundi vya kuweka na kukopa, na vikundi vya wavuvi vinavyolinda rasilimali za bahari.

Nne, kada aende kiwanjani kusikiliza kabla ya kuhutubia.

Umoja wa dakika 90 ni mwanzo tu. Filimbi ya mwisho inapolia, kijiji bado kina mechi ya kucheza, na katika mechi hiyo hakuna mtazamaji.