Mwokoaji wa Kwanza ni Jirani

"Ajali haina kinga," twasema kila mara. Msemo huu una ukweli wake, lakini usitufanye tukae bila kujiandaa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi wa hapo. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokolewa na 19 walipoteza maisha. Twajifunza kwamba dakika za mwanzo zimo mikononi mwa watu walio karibu.

Nyumbani kwetu ajali huwa ndogo kuliko ile, lakini mambo ni yale yale. Tuanze na haya matatu.

1. Kuungua. Mtoto akimwagikiwa uji wa moto, mvue nguo iliyolowa, isipokuwa ile iliyoganda kwenye ngozi. Mmwagie maji safi ya baridi, si barafu, mahali palipoungua kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala unga, na usitumbue malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke zahanati.

2. Kutoka damu nyingi. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Kinga mkono wako kwa glovu au mfuko wa nailoni. Kitu kilichochoma mwilini na kubaki humo usikichomoe. Hiyo ni kazi ya hospitali.

3. Kuzama majini. Usijitose ikiwa hukufundishwa kuokoa, tusije tukazika wawili badala ya mmoja. Mrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa kizibo. Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo. Asipopumua, anahitaji kupuliziwa pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua mara moja. Jambo hili halijulikani kwa kusoma tu. Lazima mikono ifanye mazoezi.

Ndiyo maana twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zitenge siku moja kwa mafunzo. Mwalikeni muuguzi wa zahanati ya karibu, au walimu wa Chama cha Msalaba Mwekundu. Siku hiyo hiyo andikeni kwenye daftari: Nani ana gari au pikipiki? Nani ni muuguzi au mkunga? Mzee au mgonjwa gani anaishi peke yake, na nani atamwendea mafuriko yakija usiku? Andikeni pia namba ya simu ya zahanati, na zile za dharura hapa Tanzania: polisi 112, zimamoto 114.

Anayeungua leo ni mtoto wa jirani. Kesho aweza kuwa wako. Utafurahi siku hiyo kumkuta jirani anayejua la kufanya. Basi nawe jifunze, uwe jirani wa namna hiyo.