Kelele kwenye simu, hasara mpakani: Mkosaji alikuwa ndani ya nyumba

Na Mwandishi Wetu, Arusha

ODA ilikuwa ya magunia 160 ya vitunguu. Lori lililofika Nairobi lilikuwa na magunia 60.

Hakuna aliyeiba kitu njiani, na pale Namanga hati zote zilipita salama. Magunia mia moja yalipotelea kwenye waya wa simu. Mteja alitamka “mia na sitini”. Shangazi yangu, aliyekuwa Arusha ameshika simu ya mezani, akasikia mchakacho, kisha “sitini”.

Hasara ilikuwa ya pande mbili. Mteja alikuwa ameshawaahidi wanunuzi wake sokoni, ikabidi akimbilie kwa wauzaji wengine na kulipa bei ya juu. Shangazi alibaki na vitunguu ghalani. Vilipoanza kuchipua akaviuza kwa bei ya kutupa. Lililomuuma zaidi ni lawama. Yeye aliamini mtandao wa Kenya ndio mbovu; mteja naye aliamini ubovu uko Tanzania. Kila mmoja alikuwa akilaumu upande wa pili wa mpaka, kumbe mkosaji alikuwa amekaa kimya nyuma ya mashine ya faksi, umbali wa hatua mbili kutoka kiti cha shangazi.

Ninaisimulia habari hii kwa sababu wafanyabiashara wengi wa mipakani walikuwa na simu ya mezani nyumbani au dukani, na baadhi wanaweza kuwa nayo bado. Namba yake iliandikwa ukutani na kwenye vitabu vya risiti tangu zamani, wateja waliikumbuka, na wakala wa forodha waliitumia kupokea ankara na cheti cha uasili kwa faksi. Waya huohuo unaweza pia kuleta intaneti. Ukifungwa vizuri, simu na intaneti hukaa pamoja bila ugomvi. Ukifungwa vibaya, kimoja humharibia mwenzake kazi.

Fundi aliuliza maswali mawili

Shangazi alikwenda ofisi ya kampuni yake ya simu mara tatu. Mara mbili aliambiwa laini ni nzima. Mara ya tatu alipelekewa fundi, nami siku hiyo nilikuwapo.

“Mama, humu ndani kuna simu ngapi?” fundi akauliza.

“Mbili, baba. Moja sebuleni, nyingine hii ya ofisini. Na faksi.”

“Na vichujio mnavyo vingapi?”

“Kile kimoja kilichokuja ndani ya boksi la modemu.”

Fundi akatabasamu. Kichujio hicho kimoja kilikuwa kimefungwa kwenye simu ya sebuleni, ambayo watoto huitumia kusalimia ndugu. Ndiyo maana sebuleni hakuna aliyewahi kulalamika. Simu ya ofisini, ile ya biashara, ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani pamoja na faksi, bila kichujio. Tulipohesabu siku nyuma tukagundua kwamba mchakacho ulianza wiki ileile modemu ilipofungwa.

Waya mmoja, njia mbili

Huduma ya intaneti inayopita kwenye waya wa shaba wa simu huitwa ADSL. Siri yake ni kugawana masafa. Sauti ya mtu kwenye simu ya mezani hutumia masafa ya chini, kati ya hezi 300 na 3,400. Intaneti hutumia masafa ya juu zaidi, kuanzia takriban kilohezi 25 hadi 1,100. Toleo la ADSL2+ hufika kilohezi 2,200. Ni kama barabara moja yenye njia ya malori na njia ya pikipiki: kila mmoja akibaki kwenye njia yake, wote wanafika.

Tatizo ni kwamba simu ya mezani haikuundwa kuzitenganisha njia hizo. Mawimbi ya intaneti yakiingia ndani yake, sehemu zake za kielektroniki hugeuza baadhi ya mawimbi hayo kuwa sauti inayosikika. Huo ndio mchakacho.

Madhara huenda upande wa pili pia. Simu inapoita, au mtu anaponyanyua mkono wa simu, hali ya umeme kwenye laini hubadilika ghafla. Kama simu haina kichujio, modemu inaweza kupoteza mawasiliano na kituo cha simu. Taa ya DSL huanza kumweta, na intaneti hukatika mpaka modemu iungane upya. Ukiona intaneti inakatika kila simu inapoita, hiyo ni dalili.

Kichujio, ambacho mafundi wengi hukiita filta, ni kiboksi kidogo chenye koili na kapasita ndani. Kazi yake ni kuruhusu masafa ya sauti yapite kwenda kwenye simu na kuyazuia yale ya intaneti. Kwa kawaida hakihitaji betri wala umeme.

Kanuni ya kukumbuka

Kila kifaa cha simu kilichounganishwa na laini hiyo kiwe na kichujio chake. Hesabu simu zote, hata ile ya chumbani isiyotumika. Hesabu faksi. Kama duka lina mashine ya kadi au king'ora cha ulinzi kinachopiga kupitia laini hiyo, hesabu pia. Kifaa kimoja kilichosahaulika kinatosha kuvuruga laini nzima.

Modemu peke yake ndiyo isiyopita kwenye kichujio, kwa kuwa inayahitaji masafa yanayozuiwa. Vichujio vingi vina matundu mawili: moja limeandikwa au kuchorwa alama ya simu, jingine limeandikwa ADSL au DSL. Ukiyachanganya, modemu haitaunganika na simu itaendelea kuchakacha.

Ukiwa na vifaa vinne au zaidi, mwombe fundi afunge kigawanyaji kimoja pale laini inapoingilia nyumbani. Hicho hutenganisha simu na intaneti mapema: waya mmoja unakwenda kwenye modemu, mwingine kwenye simu zote. Ni bora kuliko kupachika vichujio kila kona, maana kila kimoja huongeza mzigo kidogo kwenye laini.

Jipime kabla ya kulalamika

Kipimo alichotuonyesha fundi hakina gharama, na huchukua dakika kumi.

Kwanza, chomoa vifaa vyote kwenye laini, modemu ikiwamo. Chomeka simu moja ya kawaida, ile ya waya, kwenye tundu la karibu na mahali laini inapoingilia. Nyanyua, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa kupiga unyamaze, kisha sikiliza. Kama mchakacho upo hata hapo, jaribu simu nyingine. Ukiendelea, shaka iko kwenye waya: kiungo kilichoota kutu, maji yaliyoingia kwenye boksi, au hitilafu huko nje. Hapo una haki ya kuwaita kampuni, na una la kuwaambia.

Kama laini ni kimya, rudisha modemu na uiwashe. Mchakacho ukirudi, weka kichujio kwenye ile simu. Ukinyamaza, umempata mkosaji. Kisha rudisha vifaa vingine kimoja kimoja, kila kimoja na kichujio chake. Kifaa kitakachorudisha kelele ndicho cha kushughulikia, au kichujio chake kimekufa na kinahitaji kubadilishwa.

Kelele nyingine zina asili tofauti. Ile ya “tititi, tititi” inayosikika sekunde chache kabla simu ya mkononi haijaita hutoka kwenye simu hiyo ya mkononi. Isogeze mbali na ya mezani. Baadhi ya simu za mezani zisizo na waya hutumia masafa ya gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi nyingi, kwa hiyo usikiweke kitako chake ubavuni mwa ruta. Waya wa modemu nao uwe mfupi, usiviringishwe pamoja na nyaya za umeme.

Ukinunua ng'ambo ya mpaka

Hadi mwaka 1977, Kenya, Tanzania na Uganda zilihudumiwa na shirika moja la posta na simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika kila nchi ikaunda shirika lake, lakini waya wa shaba hubeba sauti kwa namna ileile pande zote. Kichujio ulichonunua Nairobi kinaweza kufanya kazi Arusha, mradi uangalie mambo mawili.

La kwanza ni umbo la tundu la ukutani. Kuna la mtindo wa Uingereza, lililo pana na lenye kishikizo cha pembeni, na kuna lile dogo la mtindo wa Marekani. Piga picha tundu lako, au nenda na kipande cha waya wa zamani. La pili, hakikisha kichujio ni cha laini ya kawaida ya simu na si cha ISDN, ambayo ni aina nyingine ya laini.

Kama intaneti yako inakuja kwa mkongo wa fiba au kwa modemu ya laini ya simu ya mkononi, huhitaji vichujio hivi. Usikubali kuuziwa.

Kwa shangazi, fundi alifunga vichujio viwili, kimoja kwenye simu ya ofisini na kingine kwenye faksi. Mchakacho ukakoma jioni ileile. Alimpigia mteja wake wa Nairobi kwa laini iliyo kimya, akamweleza kilichotokea, na wakakubaliana utaratibu mpya ambao haumtegemei fundi wala kifaa. Kila oda sasa inatajwa mara mbili: kwanza kwa maneno, halafu tarakimu moja moja. “Mia na sitini. Moja, sita, sifuri.” Kisha anayepokea anairudia, na anayeagiza anathibitisha kwa ujumbe mfupi kabla gunia la kwanza halijapakiwa.