HAKI YA KUULIZA: KUTOKA RELI YA MOMBASA HADI BOTI ZA NKOMBO

Nchi yetu haina reli. Wajerumani walianza mwaka 1914 kujenga njia kutoka Tabora kuelekea mto Kagera kwa nia ya kuifikia Rwanda, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaikatiza kazi hiyo. Mwaka 2018 serikali za Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Kwa hiyo askari wetu anaposikia kwamba huko ng'ambo watu wanapigania garimoshi lao lisipunguziwe safari, huenda akaona kuwa habari hiyo haimhusu. Sisi tunaona inamhusu sana, na tutaanzia mahali ambapo hakuna hata pancha moja la reli, yaani kisiwa cha Nkombo.

Nkombo imo katika ziwa Kivu, wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi, ile sehemu ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Kaskazini yake kuna kisiwa kikubwa cha Ijwi kilicho upande wa Kongo. Kusini-magharibi, ng'ambo ya maji, ni Bukavu. Wenyeji husema Kimashi na Kinyarwanda, na wengi wao huishi kwa kuvua sambaza, samaki wadogo walioletwa katika ziwa hili kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliyewahi kupangwa lindo la usiku kando ya Kivu anawajua wavuvi hao: mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, taa zikielea gizani, na nyimbo za wapiga makasia zikisikika hata kabla taa hazijaonekana.

Kisiwa hicho hakina daraja. Mwanafunzi anayesoma bara, mama mjamzito ambaye kituo cha afya cha kisiwani kimeamua apelekwe hospitali ya Gihundwe, mchuuzi anayewahi soko la Kamembe, na askari aliyepewa likizo akitaka kuwaona wazazi wake, wote hao hupita juu ya maji. Boti ndiyo garimoshi lao. Injini yake ikizimwa, hakuna basi la kuwachukua kwa njia nyingine, wala hakuna njia ya miguu. Asemaye kuwa safari moja ya boti imefutwa, kwa mtu wa Nkombo anasema kuwa barabara imefungwa kwa saa kadhaa.

JINSI HUDUMA INAVYOKUFA

Huduma ya usafiri haifi kwa kishindo. Kwanza safari ya jioni huondolewa kwa muda, kwa sababu ya mafuta. Kisha injini hupelekwa kutengenezwa, na hakuna ajuaye itarudi lini. Abiria, wakiisha kuchoka kungoja gatini, hutafuta njia zao wenyewe: mmoja hukodi mtumbwi, mwingine huahirisha safari. Ndipo hesabu hufanywa, na hesabu hiyo husema kweli kabisa kwamba abiria wamepungua. Upungufu ulioletwa na kufutwa kwa safari hugeuka kuwa sababu ya kufuta nyingine. Mzunguko huo unafanana katika kila nchi, uwe wa boti, wa basi au wa reli.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunaoufahamu ni wa Uingereza, katika njia ya reli ipitayo milimani kutoka Settle hadi Carlisle. Mwaka 1970 vituo vidogo vya njia hiyo vilifungwa, vikabaki Settle na Appleby tu katikati. Kuanzia mwaka 1983 shirika la reli likatangaza nia ya kuifunga njia yote, likisema kuwa daraja la Ribblehead, lenye matao 24, limechakaa na gharama ya kulitengeneza haibebeki. Wananchi hawakulala. Walidai hesabu ya daraja iangaliwe upya, na matengenezo ya majaribio yalipofanywa ikaonekana kuwa kazi ingegharimu pungufu ya ile iliyotajwa mwanzoni. Walipanda treni zile zile zilizodaiwa kukosa abiria. Safari za abiria zikapanda kutoka takriban 93,000 mwaka 1983 hadi 450,000 mwaka 1989. Pingamizi za maandishi zilizidi 22,000. Moja ilitiwa alama ya unyayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, na ikapokelewa, kwa kuwa mbwa huyo alikuwa akilipiwa nauli na hivyo alihesabika kuwa abiria. Mwezi Aprili 1989 serikali ikaamua kuwa njia hiyo haitafungwa.

Yafaa ieleweke kuwa Waingereza hao walipigana bila sheria ya kuwaruhusu kudai nyaraka. Sheria hiyo ilitungwa kwao mwaka 2000 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, ikizipa ofisi za umma siku 20 za kazi kujibu. Tangu hapo, mtu anayeshuku takwimu za kufutwa kwa treni katika kijiji chake anaweza kuandika barua na kuziomba. Kazi iliyowachukua wenzake miaka ya kubishana, yeye huianza kwa karatasi moja.

KESI YA MOMBASA

Huku kwetu Afrika Mashariki mfano mkubwa unatoka Kenya. Mwezi Mei 2017 ilizinduliwa reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, iliyojengwa kwa mikopo ya benki ya Exim ya China iliyotiwa saini mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani, ile ya Waingereza iliyosimama katika vituo vingi vidogo, ikakomeshwa baina ya miji hiyo miwili. Reli mpya ni ya haraka na safi, hilo hatulikatai. Lakini treni yake isimamayo njiani ina vituo saba tu kati ya mwanzo na mwisho, na mwanakijiji aliyezoea kupandia karibu na shamba lake alilazimika kutafuta usafiri mwingine hadi Voi au Mtito Andei.

Kisha likaja jambo la mizigo. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yanayoshuka bandarini Mombasa kwenda bara yasafirishwe kwa reli mpya. Madereva wa malori, makuli, mafundi na mama lishe wa Mariakani na miji mingine ya barabara kuu wakaona riziki inahama. Watu wa Mombasa wakaandamana. Amri ikasimamishwa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaibatilisha.

Lakini wako waliokwenda mbali zaidi ya maandamano. Walijiuliza: mkataba wenyewe unasemaje? Je, serikali yao ilijifunga kupeleka mizigo kiasi fulani relini ili deni lilipwe? Hakuna mwananchi aliyekuwa ameuona. Khelef Khalifa wa shirika la Muslims for Human Rights na Wanjiru Gikonyo, wakiwa pamoja na umoja wa Okoa Mombasa, waliandika kuomba nakala za mikataba, wakitegemea kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Hawakupewa. Mwaka 2021 wakaenda mahakamani.

Upande wa serikali ulijitetea kwa hoja ambayo askari ataielewa mara moja: usiri. Ilidaiwa kuwa mikataba ina kifungu cha kutoitangaza, na kwamba ziko siri za dola. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu, Mombasa, akaamua kuwa kunyimwa nyaraka hizo kulivunja haki ya walalamikaji, na akaamuru zitolewe. Miezi ilipita. Mwezi Novemba 2022, chini ya serikali mpya, waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akatangaza hadharani baadhi ya mikataba hiyo ya mkopo. Ndipo Wakenya wakasoma kwa macho yao kwamba mgogoro wa mkopo ungeamuliwa mbele ya baraza la usuluhishi la China, na kwamba mkopaji alitakiwa asiyafichue masharti.

Nyaraka zilizotolewa hazikuwa zote, wala treni ya zamani haikurudi kwa sababu ya hukumu ile. Hata hivyo kabla ya hapo mabishano yalikuwa ya uvumi dhidi ya uvumi. Baadaye yalikuwa juu ya ukurasa na kifungu. Kwa maoni yetu, hiyo ni tofauti kubwa.

SHERIA TULIYO NAYO SISI

Rwanda haikungoja Kenya. Sheria yetu nambari 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013, ihusuyo upatikanaji wa habari, ilitangulia ile ya Kenya kwa miaka mitatu, ingawa Uganda ilikuwa na yake tangu 2005. Haki yenyewe imo pia katika kifungu cha 38 cha Katiba. Kwa ufupi, mtu yeyote anaweza kuiomba ofisi ya umma habari iliyo nayo, kwa mdomo au kwa maandishi, katika lugha yoyote rasmi ya nchi, bila kulazimika kueleza anaitakia nini. Na kwa kuwa Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, barua ya Kiswahili kama wanayojua kuandika askari wetu inatosha. Amri za waziri zilizofuata sheria hiyo zinahesabu muda wa kujibu kwa siku, si kwa miezi. Anayenyimwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Umuvunyi, ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya kuusimamia utekelezaji.

Tuchukulie basi kwamba kesho safari za boti ya Nkombo zinapunguzwa. Mkazi anayelalamika mkutanoni kwamba "boti siku hizi haionekani" atajibiwa kwa maneno, na maneno yataishia mkutanoni. Mkazi anayeandika akiomba idadi ya safari zilizopangwa na zilizofanyika kila mwezi, idadi ya abiria kwa kila safari, mafuta yaliyonunuliwa, mkataba wa kuitengeneza injini pamoja na tarehe ya kuipokea, na kumbukumbu za kikao kilichoamua kupunguza safari, huyo amebana mahali penyewe. Ikiwa safari zilifutwa kwanza na abiria wakapungua baadaye, tarehe zitaonyesha. Ikiwa injini ilitengenezwa zamani na imelala ghalani, karatasi ya kuipokea itasema. Na ikiwa kweli fedha hazipo, hilo nalo litajulikana, na wananchi watajua wazungumze na nani: wilaya, mamlaka ya RURA yenye kusimamia usafiri wa majini, au wakala wa RTDA wenye miradi ya bandari za ziwa Kivu.

Ombi na liwe dogo na lenye mipaka. Aombaye "habari zote za boti" atapewa porojo au hatapewa kitu. Aombaye miezi sita, kwa hesabu ya kila mwezi, amemrahisishia karani kazi na amemnyima kisingizio.

ASKARI NA KARATASI

Tunawaandikia haya wanajeshi na polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza, ninyi pia ni abiria. Likizo ya siku chache huliwa nusu yake na kungoja chombo, na familia zenu ziko visiwani na vijijini kama za raia wengine.

Ya pili ni nzito zaidi. Kikosi cha majini cha polisi na wanamaji wa jeshi hufanya kazi katika ziwa hilo hilo, karibu na mpaka, na ni wepesi, kwa haki, kumwuliza maswali mtu anayehesabu vyombo na kuandika saa. Mpaka ni mpaka. Lakini ratiba ya boti ya abiria si ratiba ya doria. Sheria yenyewe imezikinga habari ambazo kutolewa kwake kungedhuru usalama wa taifa, kungezuia sheria kutekelezwa au kungeingilia maisha ya faragha ya mtu. Kinga hiyo ni ya kweli na ni wajibu wa askari kuilinda. Haikutungwa ifunike hesabu za mafuta ya boti ya raia. Mtumishi anayetamka neno "usalama" ili kuficha uzembe wa ghala analichosha neno hilo, na siku litakapohitajika kweli halitakuwa na uzito.

Askari, kuliko mtumishi mwingine, anajua thamani ya maandishi. Hapokei lindo bila kusoma daftari la aliyemtangulia. Risasi ikipungua moja, daftari la ghala hufunguliwa. Polisi hawezi kumwambia mkuu wa kituo kwamba mshukiwa aliletwa "kama saa fulani hivi". Saa imeandikwa, na jina la aliyempokea limeandikwa. Raia wa Nkombo anayetaka daftari la boti lisomwe anataka utaratibu ule ule unaofuatwa kambini kila alfajiri.

Kwa hiyo, akikutwa mtu gatini na kalamu na orodha ya saa, na aulizwe kwa adabu. Akisema anahesabu safari za boti kwa ajili ya barua yake, na aachwe ahesabu. Akija ofisini na barua hiyo, apokewe na mwenye zamu, barua igongwe muhuri wa tarehe, nakala abaki nayo yeye. Tarehe hiyo ndiyo ambayo siku za kujibu huhesabiwa kutoka kwayo, na bila muhuri hana cha kumwonyesha Umuvunyi.