Je, Wajua? Laptopu: Ununue Leo au Ungoje Ijayo?

Je, wajua kwamba nchi hii iliwahi kungojeshwa kompyuta kwa amri ya serikali? Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikaja marufuku ya kuingiza kompyuta na seti za televisheni. Mashine hizo zilikuwa zinakula fedha za kigeni, na mahesabu ya serikali yaliyokabidhiwa kompyuta yalikuwa yameleta vurugu badala ya nafuu. Aliyetaka kuingiza yake alihitaji kibali maalumu. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980, na upande wa televisheni, Bara haikupata vituo vyake hadi 1994.

Mzazi wa Mlandizi au Masaki ya Kisarawe anayejiuliza anunue sasa au angoje naye anakabiliwa na kungoja, tofauti ni kwamba yeye hana wa kumwandikia barua ya kibali.

Je, wajua kwamba Mei ni mwezi mbaya sana wa kumnunulia laptopu kijana anayemaliza kidato cha sita? Mtihani ukiisha, inatoka orodha ya wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimama mwaka 1994 na kurudishwa 2013. Anayepangiwa kambi ya JKT Ruvu atakaa miezi mitatu kwenye kwata na mchakamchaka. Huku nyumbani laptopu imelala kabatini. Dhamana ya dukani inahesabiwa tangu tarehe ya risiti, si tangu siku kijana anaporudi. Betri iliyojazwa hadi mia kwa mia na kuachwa kwenye joto la Pwani inachakaa bila kutumika, maana joto na chaji kamili ndivyo vitu viwili ambavyo betri ya lithiamu haivipendi.

Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Bumu la Bodi ya Mikopo huingia mwanafunzi akishafika chuoni na kusajiliwa. Na kwa mzazi wa Kisarawe anayetegemea korosho, minada ya stakabadhi ghalani nayo huanza kuchangamka karibu na Oktoba. Kalenda yenyewe inakwambia ungoje, wala haihusiani na toleo jipya la mtu yeyote wa California.

Je, wajua kwamba kuna wanasayansi walioupigia uvivu hesabu? Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona waliandika makala, nusu utani na nusu kweli, wakichukulia kwamba nguvu ya kompyuta kwa bei ile ile huongezeka mara mbili kila baada ya miezi 18. Jibu lao: kama kazi yako ingeichukua kompyuta ya leo zaidi ya miezi 26 kuimaliza, afadhali upumzike kwanza, ununue mashine baadaye, na bado utamaliza mapema kuliko aliyeanza leo. Kazi ikiwa fupi kuliko hapo, anza leo.

Ripoti ya mafunzo kwa vitendo haichukui miezi 26. Hata ya yule anayeiandika usiku wa mwisho.

Je, wajua msingi wa hesabu hiyo ulitoka wapi? Kwa Gordon Moore, aliyeandika mwaka 1965, mwaka ule ule Wizara ya Fedha ilipopata mashine yake, kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu moja inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha, akasema kila miaka miwili. Siku hizi mwendo umepungua, na kwa mtu wa kuandika, kusoma PDF na kufungua Excel, tofauti kati ya laptopu ya mwaka jana na ya mwaka huu haionekani kwa macho.

Je, wajua kwamba wateja waliongoja waliwahi kuchangia kuiua kampuni? Osborne 1 ilitoka mwaka 1981 kwa dola 1,795. Ilikuwa kompyuta ya kubeba, kwa maana kwamba ilikuwa na mpini: kilo 11 hivi, skrini ya inchi 5. Iliuzwa sana. Mwaka 1983 mwenye kampuni, Adam Osborne, akaanza kusimulia mashine bora zinazokuja. Wenye maduka wakasitisha oda, wateja wakakunja mikono, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema washindani kama Kaypro ndio waliomaliza kazi. Hata hivyo kampuni nyingi tangu hapo zimejifunza kufunga mdomo hadi mzigo uwe umekaribia kufika dukani. Kwa hiyo ukisikia fununu za toleo lijalo, fahamu kwamba mwenye kujua hasemi.

Sasa tuje Kariakoo, maana ndiko wengi wetu wa njia ya Morogoro tunakoishia.

Je, wajua kwamba laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa pale zilikuwa za maofisini Ulaya na Marekani? HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad: hizi hununuliwa au kukodiwa na makampuni kwa mamia, zikatumika miaka mitatu au minne, kisha zikauzwa kwa jumla ili ziingie mpya. Ndiyo maana mtumba wa ofisini mara nyingi ni imara kuliko laptopu mpya ya bei rahisi ya kwenye boksi, iliyotengenezwa kwa plastiki nyembamba na prosesa dhaifu. Na ndiyo maana kwetu toleo jipya la kungojea halitoki jukwaani kwa mbwembwe. Linatoka pale kampuni ya London inapobadilisha mashine zake. Iliyozinduliwa kwa wenzetu miaka minne iliyopita ndiyo inayoshuka bei Kariakoo sasa.

Na hapa ndipo penye mtego mkubwa wa miaka hii.

Je, wajua kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya usalama? Watumiaji binafsi wanaojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo inachagua: kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za nyuma, na inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Maofisi mengi ya nje yaliyokuwa na mashine za kizazi cha 6 na cha 7 yaliziondoa. Unadhani zilikwenda wapi? Ukiona bei imeporomoka ghafla, kabla ya kushangilia, geuza mashine usome.

Wajua jinsi ya kusoma? Angalia namba iliyo baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo: i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Usiishie kwenye jina la mashine wala maneno ya winga aliyekushika mkono tangu mtaani. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zinasifiwa kuwa za kizazi cha 8, na nyingi ni hivyo kweli, lakini ziko zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7 zikiwa na umbo lile lile na jina lile lile. Stika ya pembeni nayo hubandikwa upya kwa urahisi. Fungua mipangilio ya Windows usome humo.

Ushauri wangu, na wengine watabisha: kizazi cha 6 au cha 7 usinunue hata kwa bei ya kutupa, labda kama unaijua Linux. Hapo kungoja miezi michache ujazie kibubu kuna maana. Ukishafika cha 8 kwenda juu, chenye RAM ya GB 8 na SSD, acha kungoja.

Je, wajua kwamba laptopu inaweza kuwa yako kwa risiti na isiwe yako kwa kweli? Baadhi ya mashine za maofisini huuzwa zikiwa bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni ya zamani. Muuzaji ameshaiwasha na kuiandaa, inaonekana safi. Siku utakapoifuta na kuanza upya, inakuja nembo ya kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. MacBook zina kufuli lao kama hilo, linalofungwa na akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Dawa ni moja: mwombe muuzaji aifute mbele yako, iwake upya kama inavyotoka kiwandani, uunganishe intaneti, ndipo utoe pesa. Akikuambia hilo linachukua muda mrefu, una sababu ya kwenda duka la pili.

Je, wajua kwamba Windows inatunza rekodi ya afya ya betri? Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, nayo itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, upunguziwe bei au ubadilishiwe.

Je, wajua kwamba bei za kompyuta hazishuki siku zote? Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalifunika viwanda vya diski, vikiwemo vya Western Digital, na dunia nzima bei za diski zikapanda, nyingine mara mbili, kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa zamu ya RAM: viwanda vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili mnemba, bei zikapaa, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na chapa yake ya rejareja, Crucial. Aliyekuwa anangoja RAM ishuke aliambulia maumivu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mifuko pia.

Majirani zetu Kenya wana kisa chao cha kungoja. Kampeni za 2013 ziliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikafika mahakamani, ikafutwa. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishkwambi, na mtoto aliyeahidiwa akiwa darasa la kwanza alikuwa ameshafika la nne.

Je, wajua gharama ya kungoja? Tuseme laptopu ni shilingi 600,000 na itakutumikia miaka mitatu. Hiyo ni kama shilingi 548 kwa siku. Sasa jumlisha unachotoa steshenari kila ukipeleka barua ichapwe, kila ukirudi kusahihisha jina lililokosewa, na nauli ya bodaboda. Mwalimu wa Soga anayetunga mitihani, au kijana anayetengeneza kadi za harusi, kwa siku ngapi ataifidia mashine yake? Lakini hesabu hii inageuka kabisa ukinunua kwa mkopo wa kausha damu. Huo ungojee milele.

Je, wajua kwa nini MacBook za Intel zimekuwa rahisi hivi? Novemba 2020 Apple ilianza kuuza MacBook zenye chipu yake yenyewe, M1. Mwaka 2025 ikatangaza kuwa macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kukubali mashine za Intel. Mng'aro wa alumini haujabadilika, umri ndio umekwisha.

Umeme nao usikutishe: chaja ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inahitaji kama saa 13 hadi 15 kumaliza uniti moja ya LUKU. Laptopu iliyotoka Uingereza inakuja na plagi ya pini tatu bapa inayoingia kwenye soketi zetu moja kwa moja. Ya Marekani inataka adapta, ingawa chaja nyingi zimeandikwa 100–240V na hazitaungua kwa umeme wetu. Soma maandishi madogo mgongoni.

Je, wajua kwamba makontena yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Bandari Kavu ya Kwala, iliyozinduliwa mwaka 2025, yanapita kwa reli katika ardhi ya Kibaha? Mzigo unakupita mlangoni, nawe unaufuata Kariakoo.

Ukiufuata kwa SGR, nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kwa treni ya kawaida kati ya Ruvu na Dar es Salaam, kilomita 73, ni shilingi 5,000. Kwenda na kurudi 10,000, na kila safari ya kurudisha mashine yenye kasoro ni 10,000 nyingine. Kwa hiyo nenda asubuhi, si jioni winga akiwa na haraka ya kufunga hesabu. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Ifungue skrini nyeupe utafute madoa, washa kamera, piga simu ya video kwa mtu aliyeko nyumbani akuambie kama anakusikia. Na risiti iandikwe namba ya mashine yenyewe, ile ya chini ya kava, pamoja na muda wa dhamana kwa maneno, kabla hujaondoka kaunta.