Mpambaji wa Maua Apimwe kwa Maswali Yake

Arusi za siku hizi haziendi bila kamati. Kamati huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nayo huketi jioni baada ya jioni kujadili hema, magari, keki na chakula. Nimeketi katika kamati za aina hiyo mara nyingi, aghalabu zikiwa za walimu wenzangu, na kila mara suala la maua huachwa hadi mwisho, watu wakiwa wamechoka na wanatazama saa. Hapo mjumbe mmoja husema kwamba anamfahamu mpambaji fulani, ana picha za kupendeza katika simu yake na bei yake si mbaya. Wote huafiki. Fedha zilizochangwa na jamaa na marafiki, ambao wengi wao wana karo ya kulipa, hukabidhiwa mtu ambaye hakuulizwa hata swali moja.

Niliyashuhudia matokeo yake katika arusi moja ya Mombasa. Mawaridi yalikuwa yamesafirishwa usiku kucha kutoka bara, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, ndani ya masanduku yasiyokuwa na tone la maji. Kufikia wakati wa kupiga picha, shada la bibi arusi lilikuwa limeinamisha vichwa mithili ya wanafunzi waliosahau kufanya zoezi. Mpambaji alikwisha kulipwa senti ya mwisho, naye alikwisha kwenda zake.

Yafaa tukumbuke kwamba ua lililokatwa lingali hai. Linapumua, linakunywa maji kupitia kikonyo chake, na joto huharakisha kuzeeka kwake. Ndiyo maana mawaridi huhifadhiwa katika chumba cha baridi mara tu yanapokatwa. Hata matunda ni adui: ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyafanya maua mengi, hasa karnesheni, kunyauka kabla ya wakati. Mwanafunzi wa baiolojia anaweza kuujaribu ukweli huo nyumbani kwa ndizi mbili na mfuko. Basi mpambaji anayepanga maua yake karibu na meza ya matunda tangu alfajiri hajui kazi, hata picha zake zikiwa nzuri namna gani.

Hao wanaojua kazi hawakuanza jana. Katika miji ya pwani yetu, Lamu na Mombasa, wapo akina mama ambao kwa miaka mingi wametunga makoja ya asmini na vikuba vyenye harufu ya rehani na mkadi. Mama wa namna hiyo akijiwa na mwenye arusi, jambo la kwanza analotaka kujua ni saa. Tumba la asmini huchumwa mchana, hufunguka usiku na kumwaga harufu yake yote, na kesho yake limekwisha. Akikosea saa chache, bibi arusi atavaa matumba yasiyonukia au maua yaliyokufa. Elimu hiyo haikutoka chuoni, walakini ndiyo hasa ninayotaka tuidai kwa kila anayejiita mpambaji.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, usianze kwa kuuliza bei. Mwache mpambaji azungumze, umsikilize anauliza nini. Je, ametaka kujua kama sherehe itakuwa kanisani au uwanjani penye jua? Ameuliza maua yatafikaje, nani atayapokea, na kama maji yapo? Asiyeuliza hayo anauza picha. Na hizo picha nazo, muulize ni arusi ya nani na lini, kisha uombe kuzungumza na wenyewe.

Bei nayo ina majira yake. Mashamba ya Naivasha huuza sehemu kubwa ya mavuno yake ng'ambo, mengine yakipitia mnada wa Aalsmeer nchini Uholanzi, na soko hilo hupamba moto kuelekea tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao. Anayeoa wiki hiyo asishangae waridi likiwa ghali hapa hapa linapokuzwa. Ama asogeze tarehe, ama achague maua mengine. Wapo watakaomshauri anunue maua ya plastiki. Mimi siafiki: nchi inayopamba meza za Ulaya haina sababu ya kumkabidhi bibi arusi wake plastiki.

Mwisho ni maandishi, jambo ambalo walimu tunalihubiri darasani na kulisahau nje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya makubaliano iwe na idadi ya mashada, aina ya maua na yatakayowekwa badala yake yakikosekana, saa ya kufika, na nani atarudisha vyombo. Mpambaji apewe arubuni ya kutosha kununulia maua, kwani naye hana hazina ya serikali, na atoe stakabadhi. Zinazosalia zikae kwa mweka hazina hadi asubuhi ya arusi, ayaone maua kwa macho yake, ndipo afungue mkoba.