Historia ya Vita Ianzie Nyumbani

Anayetaka kuandika historia ya Vita vya Kagera hukimbilia Dar es Salaam kutafuta majalada, ilhali Mkoa wa Mara una hazina yake. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda mwaka 1979, alizaliwa Butiama. Alifariki 2024, na kila mkongwe anayeondoka huenda na ushahidi usioandikwa popote. Kwa hiyo kazi ya haraka ni kuwarekodi wapiganaji wa zamani na wajane wa Musoma na Bunda, kisha kunakili barua, picha na vyeti vya utumishi vilivyofungiwa masandukuni. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, yafuate baada ya hapo.

Wapo watakaosema kumbukumbu ya mzee hupotoka baada ya miaka zaidi ya 40, na kwamba karatasi haidanganyi. Nusu ya hoja hiyo ni kweli: mzee huchanganya tarehe. Lakini magazeti ya wakati ule, Uhuru la chama na Daily News la serikali, nayo yalikuwa yakihamasisha taifa lililo vitani. Hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978 inaeleza sababu za kupigana. Haisemi mke wa askari alilima vipi mumewe akiwa mstari wa mbele. Dawa ni kulinganisha: gazeti litoe tarehe, jalada litoe amri, shahidi atoe maisha. Vinapopingana, mwandishi auonyeshe mgongano huo, asiufiche. Majalada yaliyofungwa leo yanaweza kufunguliwa kesho, lakini mashahidi hawatakuwepo. Ndiyo maana waanze wao.