Wakimbizi wa Tengeru (3): Padri na Yatima Wake

Ziara ya Andrzej Duda, aliyekuwa Rais wa Poland, hapa nchini Februari 2024, iliwafanya wasomaji waniulize tena habari za makaburi ya Wapolandi yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru. Biashara na uwekezaji nawaachia wenzangu. Mimi narudi kwa padri Lucjan Królikowski, niliyemtaja juujuu makala iliyopita.

Alikuwa kijana wa seminari Warusi walipomkamata na kumpeleka Siberia. Akatoka hai, akaingia jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, akasomea upadri Beirut, kisha akaletwa huku chini ya Mlima Meru. Alikuta vibanda vya mviringo vyenye kuta nyeupe na paa za nyasi, jirani na Ziwa Duluti. Kambi ile ya wakimbizi wa Kipolandi wa Vita vya Pili vya Dunia iliwahi kuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1949, kambi ikielekea kufungwa, serikali ya Kikomunisti ya Poland, huko Warsaw, ikataka yatima warudishwe. Padri hakungoja. Akaondoka na watoto kama 150, wakapanda meli Mombasa, wakapitia Italia na Ujerumani hadi Kanada, huku Warsaw ikipiga kelele kwamba wametekwa nyara. Aliwalea Montreal, akaandika kisa chao katika Stolen Childhood, akafariki 2019 akiwa na miaka 100.

Sasa nivumilieni, maana hili linanikera tangu ujana. Novemba 1951, serikali ileile ya Kiingereza iliyowahifadhi waliofukuzwa kwao iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huohuo, ili walowezi wapate malisho. Nyumba zilichomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaambiwa wahamie King'ori. Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akaenda kuwatetea Umoja wa Mataifa mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Nyerere. Naye aliandika: mwaka 1967, pamoja na wakili Earle Seaton, alitoa The Meru Land Case. Walimu wa historia wa Arusha, mnapowapeleka wanafunzi Tengeru kutazama misalaba, basi lisigeuzie hapo. Mafuta ya kufika Engare Nanyuki si mengi, na waliofukuzwa huko ni babu zao.

Wiki ijayo tutaanza na michango ya Wameru iliyomlipia Kirilo nauli.